Taa za Omena na Kamera ya Kuazima: Ushauri kwa Wanaoanza Filamu za Majaribio

Kamera ya kwanza niliyowahi kushika ilikuwa ya kuazima, ya kanda ndogo za MiniDV, na usiku mmoja usio na mwezi nilikwenda nayo Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kuwapiga picha wavuvi wa omena, ambao huwasha taa majini kwa kuwa samaki hao wadogo hufuata mwanga. Niliporudi nyumbani na kuitazama kanda kwenye televisheni, niliona kwamba kila taa iliyokuwa ziwani ilikuwa imepitiwa na mstari mweupe uliosimama wima kutoka juu ya fremu hadi chini, kana kwamba mtu ametundika nyuzi za mwanga kutoka mbinguni. Nilidhani nimeharibu kamera ya watu.

Kamera haikuwa na tatizo lolote. Sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, ilikuwa ya aina ya CCD, ambayo hukusanya chaji ya umeme na kuisafirisha wima, hatua kwa hatua, hadi mahali pa kusomwa. Taa ikiwa kali mno, mwanga huvuja ndani ya njia hiyo ya kusafirishia na kuchafua safu nzima. Usiku uliofuata nilirudi pale pale nikiitafuta mistari ile kwa makusudi, nikajifunza kwamba ukiisogeza kamera polepole mistari husafiri pamoja na taa, na kwamba mashua mbili zikipishana mistari nayo hupishana. Filamu yangu ya kwanza ilitokana na jambo hilo moja.

Ninawasimulia hayo ninyi mnaoanza sasa kwa sababu wengi wenu mnaonijia hapa Kisumu mnakuja na simu zenye uwezo ambao sisi hatukuuota, kisha jambo la kwanza mnalofanya ni kuweka kichujio kinachoigiza kanda za zamani: mikwaruzo, chembe, rangi zilizopauka na tarehe ya uongo pembeni. Fremu ya kanda yangu ilikuwa na nukta 720 kwa 576, ilhali simu inayorekodi kwa 4K hutoa 3840 kwa 2160, yaani nukta mara 20 kamili. Kuzificha nukta zote hizo nyuma ya kasoro ya kuazima ni kama kuvaa koti la marehemu asiye wa ukoo wako. Kasoro zetu zilitokana na vyombo vyetu, na simu yako nayo ina zake ambazo bado hujazichunguza.

Anza na hii. Sensa ya simu, ambayo ni ya aina ya CMOS, kwa kawaida haisomi picha yote kwa mara moja, bali husoma mstari baada ya mstari. Panda matatu ya Ahero, kaa dirishani, uelekeze simu kwenye nguzo za umeme zilizo karibu na barabara huku gari likienda kasi, nawe utaziona nguzo zimelala upande mmoja; ukirekodi safari ya kurudi ukiwa dirisha lile lile, zilinganishe na zile za kwenda, kisha ujaribu dirisha la upande wa pili. Baada ya hapo nenda katika duka la kinyozi lenye taa za rangi. Umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hiyo taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde, na ukiweka shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100 picha hutulia, ila ukiipandisha shata kufikia 1/500 utaona mikanda ya giza ikitembea ukutani. Mwalimu wa kawaida atakufundisha namna ya kuiondoa mikanda hiyo, na ni lazima ujifunze kuiondoa; mimi nakuomba kwanza ujifunze kuipunguza mwendo, kuipanua na kuielekeza, na uandike katika daftari shata, saa na aina ya taa, ili uweze kuirudia unapoihitaji.

Sisemi kwamba kila ajali ni filamu. Agnès Varda, katika filamu yake ya mwaka 2000 kuhusu waokota masazo nchini Ufaransa, alisahau kuizima kamera yake ndogo ya kidijitali, nayo ikaendelea kurekodi kifuniko cha lenzi kikining'inia na kuyumba huku yeye akitembea. Angeweza kukitupa kipande hicho, lakini alikiweka na kukipa muziki wa jazi, kifuniko kikawa kinacheza. Kilichoifanya ajali ile ifae ni uamuzi wa mezani, wakati wa kuhariri, na uamuzi huo unataka mtu aliyetazama picha zake zote hadi mwisho, hata zile anazoona haya kuzionyesha.

Kuhusu sauti nitakuwa mkali zaidi. Sheria ya pili kati ya 10 za Dogme 95, tamko la waongozaji filamu Wadenmaki Lars von Trier na Thomas Vinterberg, inakataza sauti kutengenezwa mbali na picha, na vijana huipenda kwa kuwa inaonekana kuwapunguzia kazi. Kandokando ya ziwa sheria hiyo ni mzigo, kwa sababu upepo wa alasiri hupiga maikrofoni ya simu hadi usisikie kitu kingine. Funika maikrofoni kwa sponji na kitambaa chenye manyoya, ukae kimya dakika moja kila mahali unaporekodi ili upate sauti ya mahali penyewe, na kabla ya yote zungumza na viongozi wa ufuo na akina mama wanaonunua samaki, kwa maana sura zao si mali yako.

Jambo la mwisho ni hifadhi, nami sikulizingatia. Saa moja ya kanda ilihitaji takriban gigabaiti 13 kwenye diski, na kuihamisha kulichukua saa moja nzima, kwa hiyo nilihamisha vipande nilivyovihitaji tu na kanda nikaziacha ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Unyevu wa ziwa ukaziingia. Kanda ya usiku wa kwanza, ile niliyodhani ni ushahidi wa kuharibu kamera, leo ikichezwa hutoa vijisanduku vya rangi na kukatika kwa sauti, kilichobaki ni ukurasa wa daftari nilioandika: "Taa 14, mistari 14, kwa nini?"