Kabla hamjatoka studio andikeni majina

Vijana wengi mnanitafuta mkitaka ushauri wa umeneja, basi leo nawajibu wote kwa kisa cha siku moja tu, Nairobi miaka ya sitini, dansi ya tuist imeshika kila mahali na mimi nasimamia kabendi ka watu watano, gita mbili na besi ya kuazima.

Nyinyi mnarekodi ngoma leo sauti wiki ijayo, mkikosea mnafuta kidogo mnaendelea. Sisi tuliingia wote chumba kimoja tukapiga pamoja, mmoja akiteleza tunaanza upya. Tena santuri ya 45, ile sahani ndogo ya wimbo mmoja kila upande, upande mmoja ni kama dakika tatu hivi, na wimbo wetu kwenye dansi ulikuwa unaenda hata kumi watu wakichangamka, kwa hivyo ikabidi tukate solo, tukate na ubeti mmoja, mwimbaji akanuna mpaka saa nane. Sauti ya dramu ilikuwa inameza kila mtu, na huko hakuna kitufe cha kuishusha, unamhamisha mpiga dramu mwenyewe na vyombo vyake mpaka kona ya mlangoni haha. Fanyeni mazoezi na saa mkononi kabla hamjalipia studio, hiyo hata leo inafanya kazi.

Lakini kosa langu halikuwa la muziki. Upande wa pili wa sahani, yaani upande B, hatukuwa na wimbo, mpiga besi akatoa kimoja alichokuwa anakipigapiga nyumbani, mara mbili tu kikaingia. Jioni fomu ya watunzi ikaletwa, mimi na haraka zangu nikaandika jina la mwimbaji pande zote mbili, nikajiambia upande B nani atausikiliza. Kumbe sahani ikiuzwa zimeuzwa pande zote, mtunzi wa B anadai malipo kama wa A, na jina lililochapwa kwenye lebo pale katikati ndilo linalotambulika.

Na wimbo hujui utafika wapi. Helule Helule ya Daudi Kabaka ilichukuliwa na bendi ya Tremeloes ya Uingereza mwaka 1968 ikaingia ishirini bora kwao. Malaika aliirekodi Fadhili William, Miriam Makeba akaizungusha dunia nzima, na mpaka leo watu wanabishana nani hasa aliitunga.

Kwa hivyo meneja, kabla mtu hajafunga gita lake toa karatasi, nani katunga maneno, nani katunga muziki, mnagawana vipi, kila mmoja atie sahihi. Siku ile ile! Pesa ikishaonekana kila mtu anakumbuka vyake. Na mkipewa hela ya mara moja someni kwanza mnauza nini, sisi tuliipokea tukaenda kula nyama.

Yule mpiga besi hakuwahi kuniuliza. Sahani ninayo bado, imekwaruzika, na juzi juzi nilichukua kalamu nikaandika jina lake pale kwenye lebo, ila lebo yenyewe nyeusi, wino hauonekani.