Taa ya maji inawaka, na filtri ni mpya

SWALI: Yaya fundi, jambo. Niko shofere wa kamyo, napakiaka unga na simenti kutoka Kasumbalesa mpaka Likasi. Toka wiki mbili taa ya maji mu mazutu (dizeli) ku tablo inawaka, na kamyo ikikuta mulima inakosa nguvu. Tulibadilisha filtri ya mazutu tukasema imekwisha, kesho yake taa ikarudi. Mekanisye anasema tukate waya ya kapteri, kile kihisi cha maji, eti inasumbuaka tu. Mazutu nanunuaka mara ku stesheni, mara mu bidoni pembeni ya barabara. Nifanye je?
Shofere wa komine Kenya, Lubumbashi

JIBU: Mdogo wangu, mwambie mekanisye aweke ile pinsi yake chini kwanza. Hiyo kapteri iko chini kabisa ya filtri na kazi yake ni ndogo sana, ni ncha mbili za chuma tu. Mazutu haipitishi umeme, maji yenye kuingia mu tanki inapitisha, basi maji ikipanda ikagusa zile ncha, taa inawaka. Na maji inakaa chini sababu ni nzito, litri moja ni kilo 1, ya mazutu ni kama gramu 840 hivi.

Kwa hiyo asubuhi, kamyo imelala usiku muzima, mbele ya kuwasha motere, leta chupa ya kuonekana ndani na ufungue robine ya chini ya filtri (sigara hapana!). Ikikataa kutoka usilazimishe, ni hewa inakosa njia ya kuingia, legeza kidogo kiskurubu cha juu ao piga pompi ya mukono. Acha chupa itulie robo saa. Ukiona mustari, maji chini mazutu juu, basi shida iko mu tanki, na kubadilisha filtri peke yake ni sawa kupangusa nyumba na huku paa inavuja. Toa maji ya tanki nayo. Kama inatoka na uteute mweusi, ni vijidudu, vinaishi pale maji na mazutu vinakutana, hapo tanki itaoshwa tu.

Chupa ikiwa safi na taa bado inawaka, sasa ndio tunaongea waya. Mu kamyo mingi kapteri ya zamani inatolewa na kufungwa ku filtri mpya, je, muliiosha? Ncha zikiwa na matope taa haizimi. Angalia na plagi yake, maji ya mvua inaingiaka, unakuta kutu ya kijani. Ku kapteri ya kawaida, chomoa plagi: taa ikizima, kosa iko ku kapteri ao ku ile plagi, ikibaki, kuna waya inagusa chuma mahali. Kamyo za kisasa zingine zinaandika kosa ukichomoa tu, hapo usihukumu mbio.

Nguvu ya ku mulima ni kesi nyingine. Ao filtri imeziba tena, ao hewa inaingia, mimi nimekuta mpira wa filtri ya zamani umebaki umenata pale juu na mupya umefungwa juu yake! Na jua kitu kimoja, kapteri inaona maji tu, wakikuchanganyia petroli ya taa mu ile bidoni taa itanyamaza kabisa na wewe utafurahi bure.

Kukata waya? Pompi ya enjeksyo, ile yenye kusukuma mazutu mu motere, inalainishwa na mazutu yenyewe, maji ikipita pale chuma inasuguana na chuma na kutu inaanza, na bei ya pompi unaijua.

Bidoni ukilazimika kununua, iache ilale, mimina polepole na ile ya mwisho usimwage mu tanki. Jaza tanki jioni, hasa mu baridi ya mwezi wa sita na wa saba, tanki nusu inatokaka jasho ndani. Na filtri mupya ya kuzungusha usiijaze ku tundu la katikati, ule ni upande safi, piga pompi ya mukono mpaka iwe ngumu. Tuandikie chupa ilionyesha nini.