Mbuzi Atazaa Tukiwa Ng'ambo

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya kuahirishwa mara kadhaa, safari ya familia yetu kwenda ng'ambo kumtembelea dada yangu hatimaye imepata tarehe. Tutaondoka baada ya wiki saba, mimi, mume wangu na watoto, na tutakaa huko wiki nne. Nyumbani tunaacha mbwa, paka mzee aliyenenepa, kuku wachache, na mbuzi wa maziwa aliyepandwa miezi mitatu iliyopita. Mpwa wangu, kijana mwaminifu, ameahidi kupita kila asubuhi kuwalisha. Je, hilo linatosha? Na nyumba yenyewe niiache katika hali gani?
Mama wa Watatu

JIBU: Mama wa Watatu, hongera kwa safari. Nitaanza na mbuzi, kwa kuwa umemtaja kwa kupita tu, ilhali tarehe yake haiahirishiki. Mimba ya mbuzi huchukua takriban siku 150. Ikiwa alipandwa miezi mitatu iliyopita, amebakiza kama miezi miwili, na hivyo huenda akazaa katika wiki ya pili ya safari yenu, pengine usiku wa manane, mpwa wako akiwa kwake amelala. Kwa hiyo, kupita asubuhi peke yake hakutoshi. Mwombe kijana ahamie kwenu kwa wiki zote nne. Na kama hawezi, mbuzi apelekwe mapema kwa mfugaji mnayemwamini, ili azoee banda na malisho ya huko kabla ya siku zake kutimia.

Yapo mambo mawili ambayo ni yako wewe, si ya kijana. Kama bado unamkamua, anza sasa kumkausha, yaani kuacha kumkamua, kwa sababu kiwele kinahitaji mapumziko ya miezi miwili hivi kabla ya kuzaa. Pili, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya pepopunda, ambayo hutolewa takriban wiki nne kabla ya kuzaa ili kinga yake impate mtoto kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Kwa hesabu yako, siku hiyo itaangukia wiki mbili na ushee kabla hamjaondoka.

Kijana naye ajue dalili. Mbuzi mwenye mimba pevu akikataa chakula, asingoje kesho, ampigie daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa au zaidi bila mtoto kuonekana, daktari aitwe. Mtoto akizaliwa, kitovu kipakwe ayodini, na anyonye dang'a ndani ya saa chache za mwanzo, kwa maana baada ya saa 24 utumbo wake hauwezi tena kuipokea kinga iliyomo. Mwonye pia kuhusu huruma ya kupita kiasi: nafaka nyingi za ghafla humvuruga mbuzi tumbo na huweza kumuua, hata kama aliyempa alitaka kumpongeza kwa kuzaa.

Mwalike kijana alale kwenu siku mbili au tatu mkiwa bado mpo, naye afanye kazi zote kwa mikono yake huku wewe ukitazama bila kumsaidia. Maelezo ya mdomo hayawezi kushika nafasi ya jaribio hilo. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba mbwa hamruhusu kuingia uani baada ya giza, au kwamba komeo la banda la kuku linahitaji kuinuliwa kidogo ndipo lifunge, jambo ambalo ninyi mnalifanya kila jioni bila hata kulifikiria.

Paka mzee atakuhadaa kwa ukimya wake. Paka mnene asiyekula kwa siku mbili yuko hatarini, kwa kuwa mafuta huanza kujaa kwenye ini lake. Kwa hiyo haitoshi kumwekea chakula, lazima bakuli litazamwe kama kimepungua. Mbwa apate chakula chake kile kile cha siku zote, na chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa imekaribia kuisha ihuishwe sasa, isije ikaisha mkiwa safarini. Kuku wanahitaji maji safi kila siku, mayai kuokotwa, na mlango kufungwa kabla ya giza kuingia.

Muachie kijana fedha za matibabu, pamoja na barua fupi yenye sahihi yako inayomruhusu daktari kutibu hadi kiwango mlichokubaliana. Mnyama akiugua nanyi mko angani, hakuna atakayewapata kwa simu, na daktari asiye na idhini wala malipo atasita kwa haki.

Kuhusu nyumba sina mengi, kwa sababu nyumba yenye mtu ndani hujilinda zaidi kuliko iliyofungwa kwa kufuli tatu. Mwoneshe kijana swichi kuu ya umeme, valvu ya maji na ya mtungi wa gesi, na umtake azifunge na kuzifungua mbele yako. Vyombo vya umeme visivyotumika vichomolewe kwenye soketi. Nakala za pasipoti, namba ya dada yako na ya daktari ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu huishiwa chaji. Watoto waombwe wasitangaze mitandaoni kwamba hampo nyumbani. Picha zinaweza kungoja mpaka mrudi. Na mkitembelea shamba la mifugo huko ng'ambo, viatu mlivyovaa visafishwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kabla hamjaingia tena bandani, kwa sababu ugonjwa wa miguu na midomo husafiri hata kwenye soli, na wana-mbuzi wenu watakuwa bado wachanga.