Mishipa Imevimba Miguuni: Upasuaji Lini?

Mimi ni mwalimu, kutwa nimesimama ubaoni, na mishipa ya miguu ilianza kunituna nyuma ya goti baada ya uzazi wa pili. Wenzangu wenye tatizo hili huniuliza: nipasuliwe sasa au ningoje? Huwa nawajibu wasitishwe na unene wa mshipa. Watazame ngozi.

Ngozi ya wapi? Upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Daktari wangu aliipita mishipa yote niliyomwonyesha, akainama, akabonyeza pale kwa kidole gumba. Kikabaki kishimo, na ngozi yenyewe ilishakuwa ya kahawia na inawasha. Akanieleza kuwa vali za mishipa, yaani vilango vya ndani vinavyozuia damu isirudi nyuma, zikilegea, damu inayopaswa kupanda kwenda moyoni hurudi chini ikatuama, hadi ngozi inaharibika. Kinachofuata hapo ni kidonda, na kidonda cha namna hiyo hukufungisha bendeji miezi na miezi. Ngozi ikibadilika, au mshipa ukiwahi kupasuka ukatoa damu, usingoje tena.

Kama ni uzito wa jioni tu, subira haidhuru. Tembea, inua miguu ukilala, vaa soksi za kubana, ila mwenye kisukari apimwe kwanza mapigo ya damu mguuni. Mjamzito naye asubiri, maana baada ya kujifungua mishipa mara nyingi hupungua yenyewe.

Kipimo cha ultrasaundi ya Dopla hakikwepeki. Ndicho kinachoonyesha vali zipi zimelegea, na kama mishipa ya ndani haijaziba. Daktari anayetaka kukupasua bila kipimo hicho, mshukuru, uende kwingine.

Siku hizi ipo leza inayochoma mshipa kwa ndani, tena kwa ganzi ya mguuni tu, na ipo sindano ya povu la dawa linaloziba mshipa. Mimi niling'olewa mshipa kwa njia ya zamani, ndiyo niliyoimudu. Asubuhi ile walinisimamisha wakaichora mishipa kwa kalamu ya wino, kwani ukilala inanywea, haionekani. Nilitoka na bendeji kuanzia vidoleni hadi pajani, na paja lote limevilia damu. Karibu na kifundo pana ganzi mpaka leo. Nilishaambiwa kabla kwamba huenda ikatokea. Pia mishipa mingine inaweza kujitokeza baadaye, kwa hiyo asikuahidi mtu kupona moja kwa moja.

Nilichagua likizo ya Desemba, nisirudi darasani mguu haujatulia. Kuhusu bima, ulizia mapema. Wengine hudhani unatafuta urembo, basi barua ya daktari itaje hali ya ngozi.

Na unaposubiri zamu yako, mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu juu, ukandamize panapotoka damu kwa kitambaa safi bila kuachia. Usifunge kamba juu yake. Damu ikikatika, nenda hospitali siku hiyohiyo; isipokatika, ita msaada huku umekandamiza.