Re: Mdogo wangu kakatwa vidole kiwandani Mafinga, bosi anasema kibarua hana fidia

Mkuu, kama bosi anataka kumpa dogo laki moja arudi kijijini akiwa kapoteza vidole viwili, mwambie asisaini karatasi yoyote kwanza.

Mimi nimepiga kazi za mbao Mufindi muda mrefu, nilianzia kwenye dingidongi, zile mashine ndogo za kuhamishika za kupasulia mbao, huko msituni Sao Hill baadae nikaingia kiwanda cha plaiwudi, na ajali nyingi nilizoziona zinafanana, gome limekwama kwenye rola, mashine inazunguka, supavaiza anafoka mzigo unachelewa, basi mtu anaingiza mkono achomoe bila kuzima. Na zile glavu za uzi ndo balaa, zikinaswa mkono wote unafuata, ila ndo hizohizo wanazogawa halafu wanajisifu wametoa vifaa. Gadi ya belti, yaani kinga ya mkanda wa mashine, utaikuta ipo kwenye kona imefukiwa na maranda. Kuteleza nako kupo sana, magome mabichi chini na baridi la mwezi wa saba vidole vimekufa ganzi.

Sasa hela. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haiangalii nani alizembea, labda iwe umefanya ujinga wa makusudi, na anayechangia WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ni mwajiri, dogo hakatwi hata senti. Kibarua nae yumo. Hiyo ya "hana mkataba" ni kutishana tu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi basi kuthibitisha masharti ya kazi ni juu yake. Kipindi dogo hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara, na ulemavu wa kudumu ukipimwa mpaka asilimia 30 ni mkupuo, yaani hela yote mara moja, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kwa vidole viwili mimi ningejiandaa kwa mkupuo.

Ila msilale, dai mwisho miezi 12. Bosi akigoma kuripoti nendeni WCF wenyewe, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ofisi ya kanda wapo Mbeya mjini. Bebeni karatasi za hospitali, majina ya waliokuwa nae shifti, na kama alikuwa analipwa kwa simu zile meseji za miamala ndo ushahidi kwamba alikuwa anafanya kazi pale, kwa hiyo asizifute na simu asimpe supavaiza hata akiomba "kuangalia kitu kidogo".