Vifaru Miguu Juu na Samaki Mfu Ndani ya Skana: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali ya safari hii yote yametokana na zile habari za sayansi ambazo ukimsimulia mtu anakuuliza umezitoa wapi. Mi nazipenda sana hizi habari, kwanza zinachekesha kweli, halafu ukishamaliza kucheka unabaki na swali ambalo haliondoki kichwani.

Ni kweli kuna wanasayansi waliwaning'iniza vifaru kichwa chini miguu juu? Na kuna mtu akatoa hela kabisa? (Msomaji, Dodoma)

Kweli kabisa ndugu yangu. Ilikuwa Namibia, vifaru weusi 12, wakachomwa sindano ya usingizi, wakafungwa kamba miguuni wakainuliwa na winchi, wakakaa hewani kama dakika kumi hivi huku wataalamu wanapima pumzi na damu zao. Nilicheka sana niliposoma, ila sikia sababu yake. Vifaru huwa wanahamishwa ili kuwalinda na majangili na pia wasizaliane ndugu kwa ndugu, sasa kuna sehemu ni milima na makorongo gari haifiki, kwahiyo kwa miaka walikuwa wanabebwa na helikopta wakiwa wamening'inia hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kupima vizuri mnyama mzito vile anapumuaje akiwa kichwa chini. Wakapima. Wakakuta hana shida zaidi kuliko akilazwa ubavu, tena hewa kwenye damu ilikuwa afadhali kidogo. Utafiti ulitoka 2021 na mwaka huohuo ukachukua tuzo ya Ig Nobel, ambayo tangu 1991 inapewa tafiti za kukuchekesha kwanza halafu zikufikirishe.

Swali lililonibakia mimi ni hili: ni mambo mangapi tunayafanya kila siku kwa kujiamini na hakuna hata mmoja aliyeyapima?

Na kuhusu hela, kuna jamaa anaitwa Andre Geim, yeye na mwenzake Michael Berry walipata Ig Nobel mwaka 2000 kwa kumwelesha chura hewani kwa nguvu ya sumaku, chura mzima kabisa. Mwaka 2010 Geim huyohuyo akapata Nobel yenyewe ya fizikia kwa kazi ya grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Ni kichwa kilekile hicho, kwahiyo tusiwe wepesi kusema huyu anachezea pesa.

Eti seli za ubongo kwenye sahani zimefundishwa kucheza gemu, sasa zinajijua? Zina roho? (Msomaji, Mombasa)

Hili ndo limenikalia kichwani kuliko yote. Ni 2022, Melbourne, Australia, kampuni inaitwa Cortical Labs. Walichukua seli za neva kama 800,000, nyingine za panya, nyingine zimeoteshwa kutokana na seli za binadamu, wakazikuzia juu ya chipu ya kielektroniki yenye vinukta vya kupitishia umeme, wakaziunganisha na lile gemu la zamani la Pong, kijiti na kimpira. Umeme unaziambia mpira uko wapi, na seli zenyewe zikirusha umeme kijiti kinasogea.

Sasa utauliza seli unazipa zawadi gani, maana hazili pipi. Walichofanya ni kwamba zikiupiga mpira zinapata mpigo wa umeme uliopangika, uleule kila mara, na zikiukosa zinapata fujo isiyotabirika. Basi. Na ndani ya dakika chache zikaanza kucheza vizuri zaidi, yaani zinafanya juu chini kuikimbia ile fujo!

Hapo ndo nikaweka simu chini nikawaza, je, kukimbia fujo ndo mwanzo wa kutaka kitu? Kabla ya njaa na kabla ya woga, kuna kule kutaka tu jambo liwe kama ulivyolitegemea? Wale watafiti kwenye kichwa cha ripoti yao walidai seli zimeonyesha hali ya kuhisi, na wanasayansi wenzao wengi wakaja juu kwamba wamevuka mpaka, kujirekebisha siyo kuhisi. Mi naungana na hao waliokuja juu. Seli 800,000 ni pungufu hata ya ubongo wa nyuki ambaye ana karibu milioni moja, na sisi tuna kama bilioni 86. Ila hapo katikati mstari uko wapi? Hakuna aliyeuchora, na sahani zinaweza kuja kuwa kubwa zaidi, kwahiyo natamani sana sheria za kuzilinda ziandikwe mapema, zisisubiri siku tutakayogundua kumbe tumechelewa. Roho ni swali la dini dada yangu, maabara haina kipimo chake.

Nimesikia samaki aliyekufa aliwekwa kwenye mashine ya kupima ubongo na ikaonyesha anawaza, imekuwaje?

Ni salmoni, mwaka 2009, Marekani, Craig Bennett na wenzake. Wakamlaza kwenye skana ya MRI wakamwonyesha picha za watu na akaulizwa, samaki mfu huyo, watu hawa wanajisikiaje. Skana ikaonyesha vidoa vya ubongo "vinafanya kazi". Siyo muujiza, skana inaugawa ubongo vipande maelfu kwa maelfu, na ukiuliza uwanja mzima wa mpira nani anaota ndoto za kweli lazima watapatikana wachache waliobahatisha. Walipopiga hesabu inayotakiwa, vidoa vyote vikapotea. Kwahiyo ukiona kichwa cha habari kwamba sehemu ya mapenzi kwenye ubongo imepatikana, mkumbuke huyo samaki.

Kupaka ng'ombe mistari kama pundamilia kunasaidia? (Mfugaji, Kajiado)

Japani walijaribu, utafiti ukatoka 2019, ng'ombe weusi wakapakwa mistari myeupe na nzi wanaouma wakapungua karibu nusu. Hao hawakuwa mbung'o wetu na ng'ombe walikuwa sita tu, kwahiyo dawa zako usiache.

Maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, ni kweli au ni stori? (Mwanafunzi, Tanga)

Mdogo wangu, hiyo ni habari ya kwenu kabisa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa anasoma Magamba Sekondari, akaweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye yuko Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, wanafunzi wakamcheka, lakini Osborne aliporudi akaagiza ijaribiwe maabara na 1969 wakaandika ripoti yake pamoja. Hadi leo wanabishana, 2016 kuna watafiti Uingereza walipima tena wakasema hawaioni. Wewe jaribu mwenyewe, vikombe viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, rudia mara nyingi, andika saa, na usifunguefungue mlango wa friza.