Usimwage vyombo vyote uani! (Kwa dada anayesafisha nyumba ya mama yake Ngamiani, Tanga)

Weee dada, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumamosi unakodi vijana wawili, mnatoa kila kilichomo nyumbani kwa mama Ngamiani mnakimwaga uani, unachambua mara moja yaishe, na jioni mnunuzi wa chuma chakavu anapita kubeba vinavyobaki. Nimesoma hapo moyo ukaniruka. Usifanye hivyo. Narudia, usifanye.

Sisi tulifanya hivyo hivyo kwetu Mabawa, mama alipohamia kwa kaka. Ushauri tulipewa na kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa kupanga nyumba, wifi yangu alikuwa akimfuatilia kwenye simu. Maneno yake nayakumbuka: toeni vyote nje kwa siku moja, na kitu ambacho hakijaguswa mwaka mzima hakina kazi, kitupeni. Kila nikiyakumbuka napandwa na hasira. Barua ya ofa ya kiwanja, ile ya ofisi ya ardhi ya kukugawia kiwanja, nani anaigusa kila mwaka? Cheti cha ndoa je? Kwenye nyumba za wazee wetu, kitu chenye thamani kuliko vyote ndicho kisichoguswa kabisa. Kimefungwa, kimefichwa, kimewekwa chini ya vingine vyote makusudi. Mtu anayetoa ushauri kama ule hajawahi kufungua sanduku la mama wa Kitanga.

Saa nne asubuhi ua umejaa, hakuna pa kukanyaga. Makopo ya maziwa yenye misumari, mbuzi za nazi zisizo na meno, magodoro, ndoo zilizopasuka, vyombo vya shughuli vya miaka yote. Mwanzoni tulikuwa tunakaa, tunaangalia, tunaulizana. Kufika saa saba, na jua lile, hakuna aliyekuwa anachagua tena. Ni "tupa, tupa, hilo nalo tupa". Kichwa kikichoka hakichambui, kinataka kazi iishe tu. Halafu mvua ya vuli ikatukuta. Tukaanza kusukumia vitu kwenye viroba bila kutazama, viroba vikapakiwa kwenye guta, guta likaenda dampo. Sanduku la bati la mama lilishamwagwa, likapimwa kwa kilo na kuondoka na mtu wa chuma chakavu.

Baadaye mama akauliza, doti yake ya kanga ya zambarau iko wapi. Ilikuwa mpya, imekunjwa mara nne, haijakatwa. Katikati ya mikunjo, ndani ya mfuko wa nailoni, ndimo alimoweka ofa ya kiwanja chake cha Pongwe. Na kiwanja kilikuwa kimepata mnunuzi, pesa zilikuwa za matibabu yake ya macho. Tukaanza safari: polisi kuchukua ripoti ya upotevu, kwa wakili kula kiapo, ofisi ya ardhi, rudi kesho, faili halionekani, rudi tena. Mnunuzi akachoka, akanunua kwingine. Mpaka leo kaka na wifi hawajamaliza maneno kuhusu nani alishika ile doti mara ya mwisho.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote yatafuata: kisichofunguliwa kwa mkono wako hakivuki kizingiti. Si mkono wa kijana wa kukodi, wako. Kanga ikunjue. Mto upapase. Msahafu na vitabu pitisha ukurasa kwa ukurasa. Pochi kuukuu, bahasha za kaki, kopo la biskuti lenye nyuzi za cherehani, nyuma ya picha za ukutani, chini ya karatasi iliyotandikwa kwenye droo, kote huko.

Na usizihukumu karatasi kwa jina lililokufa. Kadi imeandikwa NPF, ule mfuko wa zamani wa akiba ya wafanyakazi, unasema shirika hili halipo. Halipo kwa jina, ndilo lililogeuka NSSF. Mifuko mingine ya pensheni, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa 2018 kuwa PSSSF. Kama baba au mama aliajiriwa, hata kwenye shamba la mkonge, kadi ile ina namba ya uanachama, iweke. Risiti za zamani za kodi ya jengo nazo watu wanazichoma kwa sababu tangu 2021 kodi inakatwa kwenye luku, ukinunua umeme. Usichome. Siku ndugu wakigombea nyumba, zile risiti ndizo zinaonyesha nani alikuwa akilipa.

Umesema ukiingia mle ndani unalemewa, unatamani kulia. Ni kwa sababu unaitazama nyumba nzima. Ingia chumba kimoja, kaa kwenye pembe moja, maliza hiyo, funga mlango uondoke. Fanya asubuhi, adhuhuri ikiingia acha, hata kama bado una nguvu. Mama yuko hai, mpigie simu ukiwa mbele ya kabati, mwambie unachokiona. Atakueleza kipi kimefichwa wapi, na usishangae akikuficha vingine.

Nguo zilizoota ukungu anika uziangalie kwanza, nyingi zinarudi zikifuliwa, na ukirudisha kabati liache mbali kidogo na ukuta, unyevu wa kwetu unaujua. Ulivyouliza kuhusu makochi na bei zake watakujibu wengine, mimi hapo sina hata hamu.

Vijana wa Jumamosi waahirishe leo hii. Anza na droo ya kando ya kitanda cha mama, hiyo tu. Ukikuta karatasi usiyoielewa, piga picha, ziba majina na namba, iweke hapa tukuambie ni ya nini kabla hujaiweka upande wowote.